Jinsi ya Kumkabidhi Mgonjwa na Kubaki na Sifa Zako

Ni saa moja na nusu usiku. Wewe ni daktari wa dharura, miguu inawaka moto, chakula cha mchana hukukiona, na zamu yako inakwisha baada ya nusu saa. Mgonjwa yuko kwenye machela, ndugu zake watatu wamesimama nyuma yako na chupa ya chai. Wodini yupo daktari mwenzako, amechoka kama wewe, na akisikia magurudumu ya machela anasikia kazi inakuja. Wewe unataka kuondoka, yeye anatamani usifike. Katikati yenu kuna korido, na mgonjwa ndiye anayeipita.

Nakijua unachokitaka. Unataka uonekane unajua kazi. Hutaki kuulizwa mbele ya manesi swali usilo na jibu lake, hutaki simu ya saa nane usiku, na kwenye raundi ya asubuhi hutaki jina lako litajwe kwa kuguna. Hayo ni matamanio ya binadamu na sikuja kukutubisha. Yatumie. Nitakupa njia za mkato, na kila moja naipendekeza kwa moyo mmoja, kwa sababu inakuokoa wewe na aibu na kumwokoa aliyelala na hatari.

Hatari ipo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwauliza madaktari wa dharura na wa wodini juu ya wagonjwa wanaotoka dharura kwenda kulazwa. Walijibu 139. Kati yao 40, karibu asilimia 29, walisema wamepata angalau mgonjwa mmoja aliyedhurika, au aliyekaribia kudhurika, kwa sababu ya kuhamishwa huko. Hiyo ni hospitali yenye kila kifaa. Sisi tuna Maweni, hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Kigoma, inayopokea watu kutoka Kibondo na Kakonko hadi Uvinza, na wengine safari yao ya hospitali huanzia kwenye boti.

Twende kazi.

Kwanza, jina.

Ujiji, Novemba 1871. Msafara wa Stanley unaingia mjini kwa milio ya bunduki. Susi, mtumishi wa Livingstone, anakutana nao njiani, anapata habari, anatimua mbio kumpelekea bwana wake: mzungu anakuja! Livingstone haamini. Anauliza, anaitwa nani? Susi hajui. Hakuuliza. Ikambidi arudi mbio njia ile ile akamuulize Stanley jina lake, na Stanley mwenyewe akaliandika jambo hilo kitabuni. Dunia inakumbuka salamu ya Stanley. Mimi namkumbuka Susi akirudi kuuliza jina.

Usirudi mbio kama Susi. Majina matatu, umri, kijiji anachotoka, ndipo habari nyingine. "Yule mama wa degedege kitanda cha tatu" si jina. Kitanda cha tatu saa hii kina mtu mwingine. Nusu ya akina mama wanaofika wameandikishwa kama Mama Fulani, na Mama Asha wodini wanaweza kuwa wawili, mmoja wao ana mzio wa penisilini.

Pili, nunua masikio.

Vitabu vya kigeni vinakufundisha uanze na habari za mgonjwa papo hapo, usipoteze sekunde. Ukifanya hivyo kwetu umeshapoteza dakika kumi. Sista wa zamu ni rika la mama yako, amesimama tangu asubuhi, na hakuna aliyemwambia pole. Wewe mwambie. "Shikamoo, sista. Poleni na kazi." Kama ni asubuhi na unajua ni mtu wa Kasulu au Buhigwe, mwamkie kwa Kiha, "mwakeye", uone uso unavyofunguka. Ni sekunde tatu. Baada ya hapo atakusikiliza, na atakuambia mwenyewe kwamba mtungi wa oksijeni wa kitanda cha nne umekwisha. Hilo hungelijua kwa namna nyingine mpaka mgonjwa wako aanze kuwa na midomo ya bluu.

Tatu, beba desa.

Ulikuwa mwanafunzi, desa unalijua. Darasani lilikupa wasiwasi. Hapa linakupa heshima. Chukua karatasi, ikunje mara mbili, iweke mfuko wa koti. Andika: huyu ni nani. Leo kimempata nini. Ana nini cha zamani, yaani presha, sukari, kifua kikuu, mimba, dawa anazomeza na mitishamba aliyokunywa kabla ya kuja. Nimekuta nini, nimefanya nini. Naogopa nini, nataka kifanyike nini. Basi.

Wamarekani wana desa lao, wanaliita SBAR: hali ilivyo, historia, tathmini, pendekezo. Asili yake ni nyambizi za jeshi lao la majini, mahali ambapo baharia mdogo lazima amweleze kamanda jambo zito kwa maneno machache bila kumung'unya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hospitali za Kaiser Permanente zikalihamishia kwa wagonjwa. Kama kamanda wa nyambizi anasomewa kwenye karatasi na hakasiriki, daktari wa wodini atavumilia.

Tena ukisoma kwenye karatasi hakuna anayekudharau. Wanayemdharau ni yule anayetazama dari na kusema "nadhani presha ilikuwa nzuri". Neno "nzuri" liache nyumbani, na "anaendelea vizuri", na "hali ya kati". Sema tisini kwa hamsini. Sema anapumua mara thelathini na nne kwa dakika. Tarakimu inamshtua mtu bila wewe kupandisha sauti.

Nne, jina la ugonjwa lichelewe.

Hapa nataka tukae kidogo.

Ukianza na "nakuletea malaria kali", masikio yanafungwa. Daktari wa wodini anaandika malaria kali. Wa zamu ya usiku ananakili malaria kali. Kufika raundi ya keshokutwa imekuwa ukweli uliosainiwa na watu watatu ambao hakuna hata mmoja aliyechunguza. Na Kigoma mtego huu ni mkubwa, kwa sababu malaria kweli ipo. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliukuta mkoa huu ukiongoza nchi nzima, karibu asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa na vimelea. Mahali pa namna hiyo kipimo cha haraka kikionyesha mistari miwili kinakuambia mtoto ana vimelea, au alikuwa navyo wiki kadhaa zilizopita akatibiwa. Hakikuambii kwamba vimelea hivyo ndivyo vilivyompoteza fahamu.

Kwa hiyo fanya hivi. Sema: "Mtoto wa miaka minne, ametoka Ilagala. Homa siku ya tatu. Degedege mara mbili leo. Anafungua macho ukimbana, hasemi. Shingo ngumu. Sukari sita. Kipimo cha malaria chanya." Kisha nyamaza. Mwache mwenzako afike mwenyewe. Akisikia shingo ngumu atasema, "Mbona kama homa ya uti wa mgongo?" Usimwambie kwamba nawe umeliwaza. Mwambie: "Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, dokta." Mwachie furaha ya kuligundua. Mtoto anapata atesuneti na anapata seftriaksoni, daktari wa wodini anasimulia raundi kwamba yeye ndiye aliyeiona shingo, na wewe unakwenda zako Mwanga kula mgebuka. Sifa zikigawanywa hivi mtoto anapata dawa zote mbili usiku huo huo.

Naliamini sana hili. Mtu hushika kwa nguvu kile alichokiokota mwenyewe kuliko alichokabidhiwa. Ukimpa hitimisho, analibeba kama mzigo wa mtu. Ukimpa dalili zilizopangwa vizuri, anaondoka na mgonjwa wake.

Tano, ungama kabla hujakamatwa.

Hila kubwa kuliko zote, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kuna kitu hujakifanya. Daima kipo. Vipande vya kupimia sukari viliisha. Fundi wa eksirei alikuwa ameondoka. Damu imechukuliwa, majibu hayajarudi. Mgonjwa hukumgeuza ukaangalia mgongo. Kila kiungo cha mwili wako kitakuambia uyapite hayo kimya kimya, kwa sababu ukiyataja utaonekana mzembe. Sikiliza ushauri wangu, mwenzangu: yataje ya kwanza, na uyataje kwa Kiswahili sanifu.

Maana Kiswahili kimekupa zawadi ambayo hatuitumii. Ukisema "sikupima sukari", umejishtaki. Jambo limekwisha, kosa limebaki. Ukisema "sijapima sukari", mlango uko wazi, kazi inaendelea, anayefuata aingie. Kiambishi kimoja. Hajapimwa sukari. Hajapata damu, chupa moja imeombwa. Hajaonwa na daktari wa upasuaji. Hajakojoa tangu saa sita mchana. Hiyo sentensi ya mwisho peke yake ina habari yote ya figo, na nimeona ikiachwa kwa sababu kila mtu alikuwa anasimulia alichofanya.

Jizoeze kuiita orodha ya "haja". Iweke juu ya karatasi yako, chini ya jina tu, hata kabla ya ulichofanya. Siku zote anayekabidhi ninayemwamini ni yule anayeanza na haja, kwa sababu najua hanifichi kitu. Na akiniambia sasa kwamba moyo ameusikiliza na uko sawa, siendi kuusikiliza upya kwa shaka.

Na neno "sijui" nalo lina bei nzuri ukilitumia mara moja kwa mgonjwa mmoja. "Sijui kwa nini tumbo limejaa hivi." Limeshasemwa. Halitakuja kukushtaki usiku. Daktari wa wodini sasa anajua pa kuanzia, na hawezi kesho kusema ulimficha. Ukishindwa, shindwa mapema, mbele ya mtu anayeweza kukusaidia.

Sita, saa.

Waandishi wa vitabu vya kigeni hawana tabu hii, ni yetu. Andika kwenye faili "dawa saa 8". Muuguzi anayehesabu saa kwa Kiswahili anasoma saa nane mchana, au saa nane usiku. Daktari anayehesabu saa kwa Kiingereza anasoma saa mbili asubuhi, au saa mbili usiku. Dozi moja, nyakati nne tofauti, na kila msomaji ana uhakika.

Dawa ya atesuneti ya malaria kali inachomwa mwanzo, inarudiwa baada ya saa 12, inarudiwa tena ifikapo saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka mgonjwa aweze kumeza. Sasa ona jinsi saa yetu ilivyo tamu: umechoma saa tatu usiku, ya pili ni saa tatu asubuhi, ya tatu ni saa tatu usiku. Tatu, tatu, tatu. Hata aliyechoka hapotei. Kwa mdomo sema saa tatu usiku. Kwa kalamu andika 21:00. Usichanganye, usiandike 3 tupu.

Kwa mama mwenye kifafa cha mimba usahihi huu ni uhai. Dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti ni kubwa: gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli, tano kila tako. Baada ya hapo ni gramu 5 kila baada ya saa nne. Tuseme kituo cha afya kimempa dozi ya kwanza, akasafirishwa, akafika kwako anatetemeka, na hakuna anayejua alichopewa. Ukimpa kubwa tena, pumzi inaweza kukoma. Usipompa, degedege linarudi. Jibu lilikuwa kwenye sentensi moja ambayo mtu alipaswa kuisema: nini, kiasi gani, saa ngapi. Nawe ukimpeleka wodi ya wazazi mwambie mkunga saa ya dozi inayofuata, halafu umwambie kama goti bado linaruka, anapumua mara ngapi, na kalsiamu glukonati iko kabati gani. Hilo la kabati watu hulisahau, na ndilo linalotafutwa kwa kelele.

Saba, omba macho, usiombe kitanda.

Mzee wa Gungu, miaka sitini na mitano. Tumbo linamuuma tangu jana, sukari ishirini na nne. Unampigia daktari wa upasuaji: "Hiyo sukari, mpeleke ndani." Unampigia wa magonjwa ya ndani: "Tumbo gumu hilo, mwite upasuaji." Mzee anapigwa danadana, wewe ndiye mpira wenyewe.

Ukiomba kitanda, unaomba mtu aongezewe kazi, na kila mwenye akili atakataa. Omba kitu ambacho hakuna aliyesoma udaktari anayeweza kukataa: macho yake. "Bosi, nimekwama. Naomba dakika tatu za macho yako kwa mzee mmoja." Atakuja. Mwite na mwenzake dakika ile ile, kila mmoja umwambie hivyo hivyo, na ni kweli, umekwama. Kwenye simu ni rahisi kukataa mgonjwa, maana ni sauti tu. Kando ya kitanda, mzee anakutazama, mwanawe ameshika kofia mkononi, mtu anaona haya.

Na usimkasirikie bosi akikuuliza "mbona hujafikia utambuzi?" Fani yako ni changa hapa nchini. Idara ya dharura ya Muhimbili, ya kwanza ya aina yake katika hospitali za umma, ilifunguliwa mwaka 2010, na mabingwa wa kwanza wa tiba ya dharura waliofundishwa nchini walihitimu 2013. Majengo mengi ya dharura mikoani yalikuja baada ya 2021, kwa fedha za mpango wa kupambana na UVIKO-19, zile Sh trilioni 1.3. Bosi wako alisoma enzi ambazo dharura ilikuwa mapokezi: benchi, daftari na feni. Bado anangoja umletee jina la ugonjwa. Wewe kazi yako ni kumletea mtu aliye hai, mwenye mshipa uliofunguliwa, na orodha ya haja.

Kabla hujaondoka pale, lipate jina moja. "Kuanzia saa hii mzee ni wa Dokta fulani," na liandikwe kwenye faili mbele ya wote wawili. Mpaka jina hilo liandikwe mzee ni wako, hata kama amelala kwenye shuka zao.

Nane, arudie.

Mwaka 2014 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa hospitali tisa za watoto za Marekani na Kanada, wagonjwa 10,740, ambako madaktari walio mafunzoni walifundishwa utaratibu mmoja wa kukabidhiana zamu. Makosa ya kitabibu yalishuka kwa asilimia 23, na madhara yanayozuilika kwa asilimia 30. Muda wa kukabidhiana haukuongezeka. Ulibaki kama dakika mbili na nusu kwa mgonjwa. Sehemu ya mwisho ya utaratibu huo ni anayepokea kurudia kwa maneno yake alichosikia.

Kwetu ukimwambia mkubwa "rudia", umemtukana. Beba lawama mwenyewe: "Nimechoka, sina hakika nimejieleza. Hebu nisaidie, umenipata vipi?" Atarudia kwa huruma. Kwa sista, mpe kalamu: "Niandikie yale ya usiku huu, sista, halafu unisomee." Sikiliza. Kitu kimoja kati ya vitano kitakuwa kimegeuka. Kirekebishe taratibu.

Tisa, ndugu.

Zamu zitabadilika mara tatu kwa siku. Ndugu habadiliki. Yule mama mwenye kitenge cha njano aliyetoka na mgonjwa kijijini atalala chini ya kitanda kile mpaka mwisho. Mfanye faili la pili. Mbele ya muuguzi wa wodini mwambie: "Mama, mwanao amechomwa sindano ya kwanza saa tatu usiku huu. Ya pili ni saa tatu asubuhi. Ikipita hajachomwa, muulize sista." Sista hatachukia kama ulimwamkia vizuri pale mwanzo.

Kama mama huyo anasema Kirundi tu, kwa mfano katoka kambi ya Nyarugusu, usipige kelele za Kiswahili. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Muulize muuguzi wa Kasulu. Lakini majibu ya VVU na siri nyingine hayapiti kwa ndugu wala kwa mkalimani wa kuokota. Hayo ni kati yako na anayepokea, kwa sauti ya chini, milango imefungwa.

Mwisho, fikiria mkono wa mbali.

Mei 2015 watu kwa maelfu waliukimbia mgogoro wa Burundi wakajazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, mpakani. Kipindupindu kikaingia; kabla mwezi huo haujaisha wagonjwa walikuwa wamefikia takriban 3,000. Hesabu mikono iliyompokea mmoja wao. Ufukweni Kagunga. Mtumbwi wa kumfikisha kwenye meli, maana hakuna gati. MV Liemba. Bandari ya Kigoma. Uwanja wa Lake Tanganyika. Basi. Nyarugusu. Makabidhiano sita au zaidi kwa mtu anayeharisha maji, na kila mkono ukihitaji kujua kitu kile kile: amepewa maji kiasi gani, tangu lini.

Huhitaji janga ili uone mnyororo huo. Mama wa Kalya anaweza kupita mikononi mwa watu watano kabla hajaliona lango la Maweni. Na siku hizi anafika amekwisha kufanyiwa mengi: tangu 2006 mradi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies uliviwezesha vituo vya afya kadhaa vya mkoa huu kufanya upasuaji wa uzazi, kwa hiyo habari za kukabidhi zimeongezeka. Basi wewe uliye kituo cha ziwani, hila zako ni mbili. Fomu ya rufaa iweke kwenye kopo tupu la vidonge, funga kifuniko, mpe ndugu alishike. Wimbi la Tanganyika halisomi mwandiko, linaufuta. Pili, piga simu kabla boti haijaondoka. Kwa wajawazito na watoto wachanga kuna namba ya m-mama, 115. Ukimsikia daktari wa upande wa pili, anza na jina.

Susi, yule yule aliyesahau kuuliza jina, alikuja kukabidhi mzigo mzito kuliko wote. Livingstone alipofariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi na mtumishi mwenzake Chuma waliamua kuurudisha mwili pwani. Kabla ya jambo lolote waliwaita wenzao wote. Masanduku yakafunguliwa mbele ya kila mtu ili kila mtu awe shahidi, na Jacob Wainwright, kijana aliyejua kuandika, akaorodhesha kila kilichokuwemo. Safari ilichukua miezi. Februari 1874 walifika Bagamoyo. London, daktari aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliowahi kuvunjwa na simba, na madaftari yalikuwepo.

Zamu yako inakwisha saa mbili. Una dakika ishirini. Toa karatasi, andika majina matatu ya huyo aliye kwenye machela, chini yake andika hajapimwa nini, hajapewa nini, hajaonwa na nani. Kisha usimpigie simu daktari wa wodini. Sukuma machela mwenyewe, ufike nayo mpaka kitandani.